John Goodricke (1764–1786): Kijana Kiziwi na Siri ya Nyota Pacha

John Goodricke alizaliwa mnamo tarehe 17 Septemba 1764 mjini Groningen, Uholanzi, ambako baba yake, Henry Goodricke, alikuwa katika utumishi wa kibalozi wa Uingereza. Mama yake, Levina Benjamina Sessler, alitoka Namur, mji ulio katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Babu yake mzaa baba, Sir John Goodricke, alikuwa kabaila wa Ribston Hall katika jimbo la Yorkshire na balozi wa Uingereza nchini Uswidi. Mtoto huyu wa kwanza wa kiume, basi, alizaliwa akiwa mrithi wa cheo, ardhi na jina. Lau mambo yangekwenda kama ukoo ulivyotarajia, angeishi maisha ya kibwanyenye, akasahauliwa pamoja na mamia ya mabwanyenye wa zama zake.

Mambo hayakwenda hivyo. Angali mtoto mdogo, John alishikwa na maradhi makali yaliyomnyima uwezo wa kusikia maisha yake yote. Katika Ulaya ya karne ya 18, kama ilivyokuwa katika jamii nyingi, kiziwi alihesabiwa kuwa mtu asiyefundishika. Sheria zilimwekea mipaka na majirani walimhurumia kwa namna iliyokaribia dharau. Hata jamaa zenye mali aghalabu ziliwaficha watoto wa aina hiyo. Wazazi wa John hawakumficha. Walimpeleka Edinburgh, Scotland, kwa mwalimu Thomas Braidwood, aliyeanzisha shule ya watoto viziwi mwaka 1760. Hiyo ilikuwa shule ya kwanza ya aina yake nchini Uingereza. Wageni mashuhuri walifika kuitazama kama watazamao kioja. Mmoja wao alikuwa mwanakamusi Samuel Johnson, aliyeizuru mwaka 1773. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu na, kwa waliomudu, kutamka. Ada yake ilikuwa kubwa, na hapana budi kukiri kwamba mtoto kiziwi wa mkulima hangeuona mlango wa shule hiyo.

Mwaka 1778, John akiwa na umri wa miaka 13, alihamishiwa katika chuo cha Warrington. Chuo hiki kilikuwa cha Waprotestanti wasiofuata kanisa rasmi la Kiingereza, watu waliofungiwa milango ya Oxford na Cambridge, na kwa sababu hiyo wakajijengea taasisi zao zenye mitaala ya kisasa zaidi. Mwanakemia Joseph Priestley alikuwa amefundisha hapo katika miaka ya 1760. Warrington haikuwa na mpango wowote maalumu wa kumsaidia mwanafunzi asiyesikia. Goodricke aliketi pamoja na wenye kusikia, akasoma walivyosoma. Kumbukumbu za chuo zinamtaja kama mwanafunzi wa kuridhisha katika lugha za kale na hodari kupindukia katika hisabati. Mwaka 1781 alimaliza masomo, akarejea kwa wazazi wake ambao wakati huo walikuwa wakiishi York.

Huko York ndiko alikokutana na Edward Pigott. Pigott alimzidi umri kwa miaka 11. Baba yake, Nathaniel Pigott, alikuwa mpimaji na mwanafalaki aliyejijengea kituo chake binafsi cha kutazamia anga, na Edward alikuwa amekulia katikati ya darubini na saa za kupimia nyendo za nyota. Koo hizi mbili zilikuwa na udugu wa mbali. Mnamo Novemba 1781 Pigott aligundua nyota-mkia, na mwezi huohuo Goodricke alifungua shajara yake ya kwanza ya utazamaji wa anga. Hakuwa na kituo. Alikuwa na dirisha katika nyumba ya wazazi wake, karibu na kanisa kuu la York, pamoja na darubini ndogo, saa na macho mawili makali.

Pigott ndiye aliyependekeza kazi ya kufanya. Tangu kale wanafalaki wengi waliamini kwamba nyota hazibadiliki. Hata hivyo, kulikuwa na orodha fupi ya nyota zilizoshukiwa kufifia na kung'aa tena bila sababu ijulikanayo. Pigott alitaka orodha hiyo ichunguzwe moja baada ya nyingine, usiku baada ya usiku. Mbinu yenyewe haikuhitaji mitambo ya gharama. Mtazamaji aliichukua nyota inayoshukiwa, akailinganisha na majirani zake: je, imezidi ile ya kushoto na kuzidiwa na ile ya juu? Kisha aliandika saa na dakika. Kilichohitajika ni uvumilivu na uaminifu wa kutoandika kile ambacho jicho halikukiona.

Miongoni mwa nyota hizo ilikuwamo Algol, katika kundi la Perseus. Jina hilo limetokana na Kiarabu, ra's al-ghul, yaani kichwa cha zimwi. Neno hilohilo la Kiarabu lenye maana ya kichwa ndilo lililoingia katika Kiswahili kama rasi, ncha ya nchi kavu inayochomoza baharini. Mkondo mmoja wa lugha, basi, ulilitia jina kwenye ramani ya pwani na kwenye ramani ya anga. Katika karne ya 17, Mwitaliano Geminiano Montanari alikuwa ameona kwamba Algol wakati mwingine hufifia, lakini hakuna aliyejua ni lini wala kwa nini.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1782, Goodricke aliitazama Algol, akashangaa. Nyota aliyoizoea kuwa miongoni mwa zile zinazong'aa zaidi katika kundi lake ilikuwa imefifia kiasi kwamba mwanzoni hakuyaamini macho yake. Aliirudia. Usiku uliofuata ilikuwa imerejea katika hali yake ya kawaida. Majuma yakapita bila chochote, mawingu ya majira ya baridi yakiziba anga, kisha mwishoni mwa Desemba akaiona tena ikififia. Kuanzia hapo hakuiacha. Hadi majira ya machipuko ya mwaka 1783 alikuwa amekusanya matukio ya kutosha kupiga hesabu: Algol ilififia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 45. Baadaye aliirekebisha hesabu hiyo hadi dakika 49. Vipimo vya sasa vinaonyesha siku 2, saa 20, dakika 48 na sekunde zipatazo 56. Kijana wa miaka 18, akitumia macho matupu na saa ya nyumbani, aliukosa ukweli kwa sekunde chache tu.

Usahihi huo ulistaajabisha, lakini maelezo yaliyoandamana nao yaliwastaajabisha watu zaidi. Katika barua aliyomwandikia Anthony Shepherd, profesa wa falaki wa Cambridge, na ambayo ilisomwa mbele ya Royal Society ya London mwezi Mei 1783, Goodricke alitoa dhana mbili. Huenda kuna gimba kubwa linaloizunguka Algol na kupita mbele yake, likizuia sehemu ya mwanga usitufikie. Au huenda Algol yenyewe ina madoa upande mmoja, na kila inapojizungusha huugeuza upande huo kuelekea Dunia. Wanahistoria waliozisoma shajara za marafiki hawa wawili wanaamini kwamba wazo la gimba linalozunguka lilitoka kwa Pigott. Jambo hili halimpunguzii Goodricke heshima. Linaonyesha zaidi ukarimu wa Pigott, ambaye angeweza kuchukua sehemu kubwa ya sifa na badala yake akamsukuma rafiki yake mbele. Ni nadra kwa wasomi wa zama zozote kutendeana hivyo.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana bahati ndogo katika suala hili. Lugha yao husema kwamba jua limepatwa, na kauli ya kutendwa iliyomo katika kitenzi hicho tayari inadokeza kwamba yupo mtenda. Ndivyo dhana ya kwanza ya Goodricke ilivyodai: Algol haififii yenyewe, inapatwa.

Mwaka huohuo wa 1783, Royal Society ilimtunuku nishani ya Copley, tuzo yake ya juu kabisa, akiigawana na Thomas Hutchins. Goodricke alikuwa na miaka 19. Habari zilienea haraka, na wanafalaki wa nchi mbalimbali wakaielekea Algol. William Herschel, aliyekuwa na darubini bora kuliko zote nchini, aliitazama nyota hiyo ili aone kama kuna nyingine pembeni yake. Akaona moja tu. Kwa kuwa mwenza hakuonekana, wataalamu wengi waliegemea upande wa madoa, na dhana ya kupatwa ikawekwa kando. Ilikaa kando kwa karibu karne nzima. Aliyekuwa sahihi alikufa pasipo kujua kwamba alikuwa sahihi.

Goodricke hakukaa kusubiri hukumu. Mnamo tarehe 10 Septemba 1784, usiku uleule ambao Pigott aligundua mabadiliko ya nyota ya Eta Aquilae, Goodricke alitambua kwamba Beta Lyrae, katika kundi la Lyra, nayo inabadilika. Kwanza alidhani mzunguko wake ni wa siku 6 na saa kadhaa. Alipozidi kuitazama aligundua kwamba kufifia kwake kunafuatana kwa zamu, mara sana, mara kidogo, hivyo mzunguko kamili ni maradufu ya aliokisia: takriban siku 13. Mwezi uliofuata akaanza kuifuatilia Delta Cephei, ambayo hubadilika kila baada ya siku 5 na saa 9 hivi. Hii ya mwisho ni habari nyingine kabisa. Mabadiliko ya Delta Cephei hayatokani na kupatwa bali na nyota yenyewe kutanuka na kunywea, na nyota za aina yake zilikuja kuwa vipimio vya umbali baada ya kazi ya Henrietta Leavitt wa Marekani, ambaye naye, kwa sadfa ya ajabu, alikuwa amepoteza uwezo wake mwingi wa kusikia.

Baba yake alifariki mwaka 1784. Goodricke, sasa mrithi wa moja kwa moja wa babu yake mzee, aliendelea kukesha dirishani. Mnamo tarehe 16 Aprili 1786 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mnamo tarehe 20 Aprili, siku nne baadaye, alifariki dunia mjini York, akiwa na umri wa miaka 21 na miezi 7. Inasimuliwa kwamba homa ya mapafu aliyoipata kwa kukaa kwenye baridi ya usiku akitazama nyota ndiyo iliyomuua. Kuna shaka kubwa kama habari za kuchaguliwa kwake zilimfikia akingali hai. Alizikwa Hunsingore, kijiji kilicho karibu na makazi ya ukoo wake. Babu yake alimzidi umri hata katika kifo, kwani aliishi hadi 1789, na cheo kikamwendea mdogo wake John, Henry.

Kuvunjika kwa koleo, hata hivyo, si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1889, Hermann Vogel wa kituo cha falaki cha Potsdam, Ujerumani, aliuchanganua mwanga wa Algol kwa kuutawanya katika rangi zake. Mistari myeusi iliyomo katika rangi hizo husogea nyota inapotukaribia au kutukimbia. Vogel aliona kwamba kabla ya kufifia, Algol huwa inatukimbia, na baada ya kufifia huwa inatukaribia, sawasawa na inavyotarajiwa kwa nyota inayozungukana na mwenza asiyeonekana. Miaka 103 baada ya mazishi ya Hunsingore, dhana ya kupatwa ilithibitishwa. Algol ni nyota pacha. Mbili hizi ziko karibu mno, umbali wa takriban kilomita milioni 9 tu, ilhali Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Nyota kubwa na hafifu hupita mbele ya nyota angavu, na kwa muda wa saa 10 hivi mwanga hushuka, ukafikia chini ya theluthi ya kawaida, kisha hupanda.

Laiti kisa kingeishia hapo, Goodricke angekumbukwa kwa ugunduzi mmoja mzuri. Lakini kadiri vipimo vya Algol vilivyozidi kuwa sahihi ndivyo nyota hizo zilivyozidi kuwakera wataalamu. Nyota angavu ina tungamo linalokaribia mara 3.2 ya lile la Jua. Mwenzake, yule mzuiaji mwanga, ana takriban 0.7 tu. Kwa mujibu wa fizikia ya nyota, kadiri nyota inavyokuwa nzito ndivyo inavyoyateketeza mafuta yake, yaani hidrojeni iliyo kitovuni, kwa pupa zaidi, na ndivyo inavyozeeka mapema. Jua lina umri wa kuishi wa miaka bilioni 10 hivi; nyota yenye tungamo mara tatu ya Jua haifikishi hata bilioni moja. Nyota ya 0.7, kwa upande wake, ingehitaji muda mrefu kuliko umri wote wa ulimwengu, ambao ni miaka bilioni 13.8, kabla ya kuanza kuzeeka.

Algol ilionyesha kinyume. Nyota nzito ilikuwa bado kijana, ikichoma hidrojeni yake kwa utulivu. Ile nyepesi ndiyo iliyokuwa imevimba, imepoa na kubadilika rangi, dalili zote za uzee. Ni kama kuwakuta Kulwa na Doto waliozaliwa siku moja, mmoja ana mvi na mgongo uliopinda, mwingine ndiyo kwanza anabalehe, na kibaya zaidi aliyezeeka ndiye aliyestahili kuishi muda mrefu zaidi. Nyota pacha huzaliwa pamoja kutokana na wingu moja la gesi, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kudai kwamba moja ni ya zamani kuliko nyingine. Fumbo hili liliwasumbua wanafalaki katikati ya karne ya 20, nao waliliita kitendawili cha Algol.

Mteguzi alikuwa Mmarekani John Crawford, katika makala yake ya mwaka 1955. Jibu lake lilikuwa jepesi kiasi cha kutia aibu: tungamo la sasa silo la kuzaliwa nalo. Nyota ambayo leo ni nyepesi ndiyo iliyozaliwa ikiwa nzito. Ilizeeka kwanza, kama fizikia inavyotaka, ikavimba, na ilipovimba ikaanza kumwagia gesi yake kwa mwenzake. Iliendelea kumwaga hadi mizani ikapinduka. Aliye juu mngoje chini, Waswahili wasemavyo, ila huku nyota ilishushwa na ukubwa wake wenyewe.

Umwagaji huo una utaratibu wake, na msingi wake ulikuwa umewekwa katika karne ya 19 na Mfaransa Édouard Roche wa Montpellier. Nyota mbili zinapozungukana, kila moja ina eneo lake la mamlaka, ambamo mvuto wake ndio unaotawala. Maeneo hayo yana umbo la tone la maji, na ncha za matone hayo hukutana katika nukta moja baina ya nyota hizo. Nyota ikiwa ndogo kuliko eneo lake, gesi yake hubaki nyumbani. Ikivimba hadi kulijaza tone, gesi iliyo kwenye ncha haina tena wa kuishikilia. Humiminika kupitia nukta ile na kuangukia upande wa pili. Kwa nyota zilizo mbali baina yao, kama zilivyo pacha wengi wa angani, kuvimba huko hakufikii mpaka wowote na kila moja huzeeka kivyake. Ukaribu ndio unaoleta masaibu.

Kinachofuata ndicho kilichowashangaza hata waliolikubali wazo la Crawford. Nyota nzito inapoimwagia nyota nyepesi, mzingo wao husinyaa. Mzingo ukisinyaa, eneo la mamlaka la mtoaji nalo hupungua, kwa hiyo nyota iliyokwisha kujaza chombo chake hujikuta chombo kimekuwa kidogo zaidi, nayo humwaga kwa kasi zaidi. Ni mporomoko. Huendelea hadi tungamo za nyota mbili zilingane. Baada ya hapo mambo hugeuka: mtoaji sasa ndiye mwepesi, kila anachotoa huupanua mzingo, na umwagaji hupungua kasi hadi kuwa mchirizi wa taratibu unaoweza kudumu mamilioni ya miaka. Katika miaka ya 1966 na 1967, Rudolf Kippenhahn na Alfred Weigert nchini Ujerumani, Bohdan Paczyński nchini Poland, na Miroslav Plavec na wenzake nchini Chekoslovakia waliyakokotoa haya yote kwa kompyuta zilizoanza kupatikana wakati huo. Hesabu zilikubaliana na anga. Algol iko katika kipindi cha mchirizi: kuporwa kukubwa kulikwisha kutokea zamani, na kinachoonekana ni mabaki ya tafrija.

Awamu ya kasi ni fupi mno katika umri wa nyota, hivyo uwezekano wa kuikuta nyota ikiwa katikati yake ni mdogo. Hapa ndipo bahati ya Goodricke inapodhihirika, ikiwa bahati ndilo neno lifaalo kwa mtu aliyekesha kiasi kile. Nyota aliyoigundua mwezi Septemba 1784, Beta Lyrae, bado imo katika umwagaji mkubwa. Mtoaji amebakiwa na tungamo linalokaribia mara 3 ya lile la Jua, na mpokeaji amefikia mara 13 hivi. Lakini mpokeaji haonekani vyema, kwa sababu gesi inayomwagika haimwangukii moja kwa moja. Humzunguka na kuwa sahani nene inayomfunika, mithili ya mtu aliyezama katika mali aliyojilimbikizia. Kiasi kinachohama kila mwaka kinakadiriwa kuwa sehemu mbili kwa laki moja ya tungamo la Jua, sawa na kuhamisha Dunia sita au saba nzima kila mwaka.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika kitu kilekile ambacho Goodricke alikipima: muda. Kwa kuwa mtoaji wa Beta Lyrae amekwisha kuwa mwepesi kuliko mpokeaji, mzingo unapanuka, na mzunguko mmoja unarefuka kwa sekunde 19 hivi kila mwaka. Tangu mwaka 1784, umerefuka kwa zaidi ya saa nzima. Nyota nyingi hazibadiliki kwa namna inayoweza kuonekana katika maisha ya binadamu, wala katika maisha ya mataifa. Hii imebadilika, na kumbukumbu ya mabadiliko hayo inaanzia dirishani mwa kijana asiyesikia kengele za kanisa lililo mkabala naye.

Kenya nayo imo katika kisa hiki, ingawa ni wachache wanaoikumbuka sehemu yake. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo nchi iliadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo na wenyeji wake, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kusaka vyanzo vya eksirei angani. Kiongozi wa watafiti wake, Riccardo Giacconi, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Miongoni mwa vyanzo ambavyo Uhuru ilivichunguza ni Centaurus X-3, ambacho hupiga mapigo kila baada ya sekunde 4.8, na Hercules X-1, ambacho hupiga kila baada ya sekunde 1.24. Chanzo cha kwanza kilikuwa kikizimika kwa saa kadhaa kila baada ya siku 2.1, na cha pili kila baada ya siku 1.7, kisha vikarejea.

Watafiti wa Uhuru walilitambua umbo la jambo hilo mara moja. Kulikuwa na kupatwa, kwa mpangilio uleule wa Algol, isipokuwa safari hii aliyepatwa hakuwa nyota ya kawaida. Alikuwa nyota ya nyutroni, masalia ya nyota iliyolipuka, yenye tungamo kuzidi la Jua lililobanwa katika gimba la upana wa kilomita 20 hivi. Gesi kutoka kwa mwenzake humwangukia kwa kasi kubwa kiasi kwamba hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Kuhama kwa gesi, jambo lililobuniwa ili kuitetea nyota moja iliyokiuka kanuni, kulithibitika kuwa ndiko kunakoziwasha baadhi ya taa kali zaidi angani.

Mwenza wa Algol ambaye Herschel alimtafuta bila mafanikio mwaka 1783 hatimaye alionekana. Mtandao wa darubini wa CHARA ulioko California, ambao huunganisha mwanga wa darubini sita, ulitoa picha za Beta Lyrae mwaka 2008 na za Algol mwaka 2012. Katika picha za Algol nyota mbili zinaonekana zikipishana, na ile iliyovimba si duara: imevutika upande mmoja kama tone, ncha yake ikimwelekea mwenzake. York, nyumba ile iliyo jirani na kanisa kuu bado ipo, na chuo kimoja ndani ya Chuo Kikuu cha mji huo kinaitwa Goodricke.